Spika zinazojirekebisha zenyewe: Je, zinaweza kukitibu chumba cha mkutano kinachovuma?

Watengenezaji wa vifaa vya mikutano ya video wanaahidi kwamba spika zao hukipima chumba na kujirekebisha bila msaada wa fundi. Ahadi hiyo ina ukweli ndani yake, lakini kile inachokiacha nje ndicho mara nyingi kinachoamua nani anasikika mkutanoni na nani hasikiki.

Kwa miaka mingi kurekebisha sauti ya ukumbi ilikuwa kazi ya mtu mmoja: fundi mitambo. Alifika mapema, akasema "moja, mbili, moja, mbili" kwenye maikrofoni, akapunguza besi hapa, akaongeza kidogo kule, akahamisha spika iliyokuwa inapiga mluzi. Wasikilizaji wa redio wanamjua kwa jina hilo hata kama hawajawahi kumwona. Sasa sehemu ya kazi yake imepewa programu.

Bose Professional, Yamaha na Biamp ni miongoni mwa kampuni zinazouza mifumo ya vyumba vya mikutano yenye uwezo huo. Unabonyeza kitufe, spika inatoa mlio unaopanda kama king'ora, maikrofoni zinausikiliza mlio huo ukirudi kutoka ukutani, na baada ya muda mfupi unaambiwa kwamba chumba kiko tayari. Teknolojia hii ilikwishaingia sebuleni kabla. Mwaka 2015 Sonos ilileta mfumo wa Trueplay, ambapo mwenye spika hutembea chumbani akipunga simu yake ya iPhone juu na chini huku spika ikitoa milio ya majaribio. Mwaka 2018 Apple ikaanza kuuza HomePod, ambayo haihitaji mtu kutembea: maikrofoni zilizomo ndani yake zinasikiliza jinsi sauti inavyorudi, na programu inarekebisha besi kulingana na mahali spika ilipowekwa.

Lakini kutoka sebuleni hadi chumba cha mkutano ni mbali kuliko inavyoonekana. Sebuleni mtu anasikiliza muziki, na muziki ukivuma kidogo hakuna anayepoteza kitu. Mkutanoni watu wanagawana bajeti, wanasikiliza ushahidi, wanajadili zabuni, wanamhoji mwombaji wa kazi. Neno likipotea, kuna mtu atakayelilipia.

Chumba nacho kinasema

Mtu anapozungumza, sauti yake inaenda pande zote. Sehemu ndogo inafika sikioni mwa msikilizaji kwa njia iliyonyooka. Iliyobaki inagonga dari, sakafu, meza, kioo cha dirisha na kuta, inarudi, inagonga tena. Katika hewa ya nyuzijoto 20 za Selsiasi, sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, yaani sentimita 34 hivi kwa kila milisekunde. Katika chumba cha urefu wa mita sita, upana wa mita tano na kimo cha mita tatu, sauti moja inagonga kuta, dari na sakafu zaidi ya mara mia moja ndani ya sekunde moja tu.

Sikio la binadamu linaweza kuvumilia mengi ya hayo. Mwaka 1949 mtafiti wa Kijerumani Helmut Haas alionyesha kwamba marudio ya sauti yanayofika ndani ya milisekunde chache baada ya sauti ya kwanza huunganishwa nayo, na msikilizaji hayatambui kama sauti nyingine. Yanaweza hata kusaidia, kwa sababu yanaipa sauti nguvu. Taabu inaanzia kwa yale yanayochelewa. Yakichelewa sana na kusikika peke yake, tunayaita mwangwi. Yakiwa mengi, yamefuatana na kuchanganyika hadi yakawa mkia mmoja mrefu unaoburuzwa nyuma ya kila neno, huo ni mvumo. Vyumba vya mikutano mara chache vina mwangwi. Vina mvumo.

Aliyeugeuza mvumo kuwa kitu cha kupimwa kwa hesabu ni Wallace Clement Sabine, mwalimu kijana wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1895 aliombwa atafute dawa ya ukumbi wa mihadhara wa jumba la makumbusho la Fogg. Jengo lilikuwa jipya na la kupendeza, ila wanafunzi hawakuelewa mwalimu alichokuwa anasema, kwa kuwa sauti ilidumu hewani kwa takriban sekunde tano na nusu. Vifaa vya Sabine vilikuwa bomba la kinanda cha kanisani, saa ya kupimia muda na masikio yake mwenyewe. Alifanya kazi usiku wakati mji umetulia, akibeba mito ya viti kutoka ukumbi jirani wa Sanders na kuipanga ndani ya Fogg, mto kwa mto, akipima kila mara mvumo umefupika kwa kiasi gani.

Alichokipata ni kanuni fupi ambayo wahandisi wanaitumia hadi leo. Mvumo hurefuka kadiri chumba kinavyokuwa kikubwa, na hufupika kadiri chumba kinavyokuwa na vitu vinavyomeza sauti. Ukumbi wa Symphony Hall mjini Boston, uliofunguliwa mwaka 1900, ulijengwa kwa kufuata hesabu zake, na bado unahesabiwa miongoni mwa kumbi bora za muziki duniani.

Kipimo chake cha kumeza sauti kilikuwa dirisha lililo wazi. Sauti ikitoka dirishani hairudi tena, kwa hiyo dirisha wazi linameza yote. Vitu vingine vyote, kuanzia zulia hadi binadamu, vililinganishwa na dirisha hilo.

Tuchukue chumba chetu cha mita sita kwa tano kwa tatu. Sakafu ni ya vigae, dari ni zege lililopigwa plasta, ukuta mmoja ni kioo kuanzia juu hadi chini kama ilivyo desturi katika majengo mapya ya ofisi. Tukikadiria kwamba kwa wastani vitu hivyo vinameza asilimia tano ya sauti inayovigonga, kanuni ya Sabine inatupa mvumo wa sekunde 2.3. Wakiingia watu kumi, ambao kila mmoja tunaweza kumkadiria kuwa sawa na nusu mita ya mraba ya dirisha wazi, unashuka hadi sekunde 1.3. Ukiondoa dari ile ngumu na kuweka dari ya vibao laini vinavyomeza asilimia 80 ya sauti, unashuka hadi nusu sekunde, hata kabla mtu hajaingia. Kiwango kinachotumika Marekani kwa madarasa ya ukubwa wa kawaida ni sekunde 0.6, isizidi.

Kutoka sekunde 2.3 hadi nusu sekunde, na hakuna programu iliyoguswa.

"Atalipa" na "hatalipa"

Tarakimu hizi zina maana gani kwa mtu aliyeketi mwisho wa meza? Wataalamu wanauita muda wa mvumo ule unaochukua sauti kupungua kwa desibeli 60, yaani hadi isikike kwa shida au isisikike kabisa. Chukulia msemaji anatamka silabi tano kwa sekunde, mwendo wa kawaida. Katika chumba chenye mvumo wa sekunde 2.3, silabi moja inakuwa imepungua kwa desibeli tano tu wakati silabi inayofuata inapofika. Bado iko hewani, ina nguvu, inashindana na mwenzake. Katika chumba cha nusu sekunde imeshapungua kwa desibeli 24, na njia iko wazi.

Kinachozama katika mashindano hayo mara nyingi ni konsonanti. Irabu zina nguvu na hudumu. Konsonanti nyingi ni fupi na dhaifu. Kiswahili kina jambo lake hapa, ambalo wauzaji wa vifaa hawalizungumzii: silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo karibu kila konsonanti inakuja ikifuata mkia wa irabu iliyotangulia. Tena lugha yetu imeweka mambo mazito katika sauti ndogo mwanzoni mwa kitenzi. "Nitakubali" na "sitakubali" zinatofautiana kwa konsonanti moja. "Atalipa" na "hatalipa" zinatofautiana kwa "h", pumzi tu. Sema "mkandarasi hatalipa faini" katika chumba kinachovuma, na ile irabu ya mwisho ya "mkandarasi" inaweza kuifunika "h" yote. Aliyeko upande wa pili wa video anaandika kwenye muhtasari kwamba mkandarasi amekubali kulipa.

Sauti ya "s" nayo ina tatizo lake. Sehemu kubwa ya nguvu zake iko kwenye masafa ya juu, zaidi ya hezi 4,000, ilhali simu za kizamani zilipitisha sauti kati ya hezi 300 na 3,400 tu. Mtu anayejiunga na mkutano kwa simu ya kawaida anaipata "s" nusu nusu hata kabla chumba hakijaongeza fujo zake.

Mvumo pia haugawi maumivu sawa. Kijana mwenye masikio mazima anayesikiliza lugha yake ya mama huziba mapengo kwa kubahatisha, na aghalabu anapatia. Mtu mzima ambaye masikio yameanza kuchoka, au yeyote anayesikiliza lugha aliyojifunza shuleni, hana akiba hiyo. Katika ofisi nyingi za Afrika Mashariki vikao huendeshwa kwa Kiingereza au Kifaransa na watu ambao lugha hizo si zao, na wanaopotelewa zaidi ni haohao ambao hawatanyoosha mkono kusema hawajasikia. Ukiwa mgeni kazini, utamwambia mkurugenzi arudie mara ngapi?

Wahandisi wa Uholanzi Tammo Houtgast na Herman Steeneken walianza katika miaka ya 1970 kutengeneza kipimo kinachoonyesha ni kwa kiasi gani maneno yanabaki kueleweka yakishapita katika chumba au mtambo. Kinaenda kutoka 0 hadi 1. Chini ya 0.45 hali ni mbaya, juu ya 0.6 ni nzuri. Kingepaswa kuwa kwenye kila mkataba wa ununuzi wa vifaa vya mkutano; mimi ningekiweka kabla ya ukubwa wa skrini.

Kifaa kinafanya nini hasa

Turudi kwenye ule mlio unaopanda. Kwa kuwa kifaa kinajua hasa kilichotoa, kinaweza kulinganisha na kile kilichorudi na kugundua chumba kimeongeza nini na kimepunguza nini. Kazi tatu zinafuata.

Ya kwanza ni kusawazisha masafa. Spika ikiwekwa kwenye kona au karibu na ukuta, besi huvimba. Chumba chenyewe nacho kina noti zake anazozipenda: katika urefu wa mita sita, wimbi la hezi 28 au 29 linajikuta linatoshea sawasawa kati ya kuta, na katika kimo cha mita tatu ni hezi 57. Sauti nzito ya mwanamume ikikaribia noti za namna hiyo inavuma kama pipa tupu. Programu inapunguza masafa hayo yanapotoka kwenye spika, na sauti inakuwa safi zaidi. Hapa teknolojia inafanya kazi kweli, na inafanya vizuri kuliko mtu asiye fundi anayezungusha vitufe kwa kubahatisha.

Kazi ya pili ni kupanga muda na nguvu, ili spika ya dari iliyo karibu nawe na ile ya ukutani zisikufikishie neno moja kwa nyakati mbili.

Ya tatu ndiyo ngumu na ya zamani kuliko zote: kufuta mwangwi wa mawasiliano. Ukizungumza kutoka Mwanza na wenzako wako Arusha, sauti yako inatoka kwenye spika ya Arusha, inaingia kwenye maikrofoni ya Arusha, na kukurudia. Bila kufutwa ungejisikia mwenyewe ukijifuatilia nyuma, na baada ya dakika mbili ungekata simu. Maabara za Bell nchini Marekani zilishughulikia tatizo la aina hii katika simu za masafa marefu tangu miaka ya 1960. Wazo lao lingali linatumika: mtambo unajifunza jinsi sauti inavyosafiri kutoka spika hadi maikrofoni, unatengeneza nakala ya mwangwi unaoutarajia, kisha unaitoa nakala hiyo kwenye kile maikrofoni ilichosikia. Mtu akisogeza kiti au akifungua mlango, nakala inaharibika na mtambo unajifunza upya. Chumba kinachovuma kwa muda mrefu kinahitaji nakala ndefu, na kujifunza kunachelewa.

Mtambo hutetereka zaidi watu wa pande zote mbili wanapozungumza kwa pamoja. Usipokuwa na uhakika ni sauti ipi ya kufuta, mifumo mingi huubana upande mmoja. Kwa kuwa waliomo chumbani hawafiki masikioni mwa wenzao kupitia mtambo, anayebanwa ni yule aliye mbali. Anajaribu kuingia kati mara tatu, hasikiki, ananyamaza. Kikao kinaandika kwamba hakuwa na maoni.

Kile ambacho haiwezekani kukifuta

Yote hayo yanahusu sauti inayotoka kwenye spika au inayoingia kwenye maikrofoni. Mvumo hauko kwenye spika. Uko chumbani, na umeshaenea katika muda. Kupunguza hezi 57 kwenye spika kunaifanya noti hiyo ianze ikiwa ndogo. Hakuilazimishi ife haraka katikati ya kuta ngumu.

Wapo waliojiuliza kama hesabu haiwezi kwenda mbali zaidi, mtambo ukatoa sauti iliyopindwa kwa makusudi ili chumba kikiongeza upotovu wake, mambo mawili yafutane na msikilizaji apate sauti safi. Mwaka 1979 watafiti Stephen Neely na Jont Allen walichapisha utafiti kuhusu swali hilo na kuonyesha kwamba kwa vyumba vingi halijibiki kwa namna rahisi: kinyume kamili cha chumba hakipatikani kwa kichujio cha kawaida. Hata pale kinapokaribia kupatikana, kinafaa mahali pamoja tu. Sauti kwenye kiti cha mwenyekiti si ile ya kiti cha karani hatua tatu pembeni, na dawa ya mmoja inaweza kuwa sumu ya mwingine. Ndiyo maana mifumo mizuri hupima sehemu kadhaa na kuridhika na wastani.

Kuna pia jambo la kawaida kabisa: upimaji hufanyika chumba kikiwa kitupu. Tumeona watu kumi wanavyoushusha mvumo kutoka sekunde 2.3 hadi 1.3. Baadhi ya mifumo inaendelea kujipima wakati kikao kinaendelea, na hiyo ni hatua ya maana. Lakini wanaokaa meza moja na kuzungumza kwa midomo yao bila maikrofoni hawasaidiwi na chochote. Sauti zao hazipiti kwenye kifaa. Kadiri chumba kinavyovuma wanapaza zaidi, tabia ambayo daktari wa Kifaransa Étienne Lombard aliieleza mwaka 1911 kuhusu watu walio katika kelele, na wakipaza sauti chumba kinavuma zaidi.

Siku hizi wauzaji wanaongeza kwamba akili mnemba itaondoa mvumo kwenye sauti iliyokwishanaswa na maikrofoni. Kwa kiasi fulani inafanya hivyo, na matokeo wakati mwingine yanashangaza. Ila inakisia. Imefundishwa kwa mifano mingi ya sauti safi na sauti chafu, na inajenga upya kile inachodhani kilisemwa. Ikikosea haitoi mlio wa kukuonya. Inakupa sauti laini, ya kupendeza, isiyo na ile "h".

Somo kutoka Kanada

Mfano ulio wazi zaidi wa gharama ya sauti mbaya umetoka kwenye Bunge la Kanada, ambako kila kinachosemwa hutafsiriwa papo hapo kati ya Kiingereza na Kifaransa. Vikao vya mseto vilipoanza wakati wa janga la Corona, wakalimani walianza kulalamika kuhusu maumivu ya masikio, kizunguzungu na uchovu, wakisema chanzo ni sauti duni za wabunge waliojiunga kutoka mbali. Mapema mwaka 2023 wasimamizi wa sheria ya kazi katika serikali ya shirikisho waliamua kwamba ofisi inayowaajiri wakalimani haikuwa imewalinda kama sheria inavyotaka. Viwango vya kimataifa vya vifaa vya ukalimani vinataka sauti ya kati ya hezi 125 na 15,000, na kompyuta ya mbunge aliyeketi jikoni kwake mara nyingi haifiki huko.

Kisha Aprili 2024 likaja tatizo jingine, safari hii ndani ya jengo lenyewe. Kipokea sauti cha masikioni kikiachwa mezani karibu na maikrofoni iliyo wazi, sauti inazunguka kutoka kimoja kwenda kingine na kupanda kwa kasi hadi kuwa ule mluzi mkali ambao kila aliyewahi kuhudhuria harusi yenye mitambo mibovu anaufahamu. Kwa mkalimani mwenye kisikizio sikioni, ni sawa na kupigwa. Baada ya mkalimani mmoja kuumia, Spika wa Bunge alitangaza hatua mpya. Miongoni mwake: vipokea sauti vya zamani vibadilishwe kwa vyeusi, na kila meza iwekewe kibandiko cha kuonyesha mahali pa kukiweka kifaa kisipotumika, mbali na maikrofoni, kikiwa kimefunikwa uso chini.

Bunge la nchi tajiri, lenye mitambo ya kisasa na wahandisi wa kutosha, liliishia kwenye kibandiko cha mezani. Sisemi hivyo kwa dhihaka. Umbali kati ya spika na maikrofoni ni jambo la fizikia, na programu ya kuzuia mluzi hufanya kazi baada ya mluzi kuanza, hata kama ni kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Huku kwetu

Jambo hili linagusa Afrika Mashariki kwa namna mbili. Mahakama za Kenya ziligeukia kesi kwa njia ya video mwaka 2020, na mahakama za Tanzania nazo zinatumia mawasiliano hayo. Mahabusu anayejibu mashtaka kutoka kwenye chumba cha gereza chenye kuta za zege anasikilizwa kupitia mvumo wa chumba hicho. Hakimu hawezi kujua kama anasita kwa sababu anadanganya au kwa sababu hajalisikia swali.

Halafu kuna Kiswahili chenyewe. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikipokea kuwa lugha yake ya kazi, na katika Jumuiya ya Afrika Mashariki kimepewa hadhi ya lugha rasmi pamoja na Kifaransa kando ya Kiingereza. Maamuzi hayo yanahitaji wakalimani, na wakalimani wanahitaji kumsikia msemaji. Mkalimani hana nafasi ya kubahatisha "atalipa" au "hatalipa". Anatakiwa aseme moja, papo hapo, kwa niaba ya mtu mwingine.

Vyumba vyetu vina tabia zao. Madirisha yaliyo wazi, yale ya Sabine, yanameza mvumo vizuri sana na kuingiza bodaboda, jenereta na mahubiri ya jirani. Ukiyafunga na kuwasha kiyoyozi, kelele za nje zinapungua, mvumo unarudi, na feni ya kiyoyozi inaongeza mngurumo ambao kifaa hakikuusikia kama kilipimwa asubuhi kikiwa kimezimwa. Chini ya paa la mabati lisilo na dari, mvua ikinyesha mtambo unaojiongezea sauti utafanya juhudi, na kikao kitasimama hata hivyo.

Mfumo unaojipima mfululizo unahitaji maikrofoni zilizo wazi muda wote. Kwa kawaida hesabu hufanyika ndani ya kifaa, lakini vifaa vingi vya sasa vimeunganishwa na huduma za mtandaoni, na Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda zote zina sheria za kulinda taarifa binafsi. Anayenunua ana haki ya kuuliza sauti za kikao zinakwenda wapi, na ajibiwe kwa maandishi.

Mpangilio wa matumizi ndio unaonishangaza. Zabuni inatangazwa kwa skrini, kamera na spika zenye akili, kisha vinafungwa katika chumba cha vigae na kioo. Hakuna fungu la dari. Mapazia mazito, zulia, vibao vya kumeza sauti kwenye ukuta unaotazamana na spika, hata makabati ya vitabu, havina kitufe cha kuonyesha wageni, kwa hiyo havipati bajeti. Fundi mitambo yeyote mzoefu angeanzia hapo. Chumba kikishatulia, kifaa kinachojirekebisha kinakuwa na kazi inayolingana na uwezo wake: kupunguza besi ya kona, kufuatilia mabadiliko, kufuta mwangwi mfupi usiomshinda. Hapo kinastahili bei yake.

Kabla ya kutia saini kwamba vifaa vimepokelewa na vinafanya kazi, kuna jaribio lisilohitaji mtaalamu. Subiri saa tisa alasiri, kiyoyozi kikiwa kimewashwa na watu wameketi. Mwombe mmoja aliye mwisho wa meza asome sentensi ishirini kwa sauti ya kawaida, nyingine za kukubali na nyingine za kukataa, bila mpangilio: atalipa, hatalipa, nitakuja, sitakuja. Mwenzake aliye mji mwingine, anayesikiliza kwa video, aandike alichosikia. Kisha wabadilishane, wa mbali asome na wa chumbani waandike. Karatasi zikilinganishwa, muuzaji awepo.